Sartbai Wawili

Gogo halimalizwi kwa pigo moja la shoka. Humegwa kidogo kidogo mpaka likaisha. Wakubwa wetu wa wilaya hawalijui hilo, ndiyo maana barabara ya kwenda mji wa Naryn wanaijenga kwa mdomo. Burulai alilijua.

Siku moja nyumba ya baba yake, mgane ambaye mkewe alifariki akingoja gari la wagonjwa lipite barabara hiyo, ilifurika wageni kama soko la kondoo. Taalai alikuja na jamaa zake kumposa Burulai. Mababu saba wa kila upande wakaanza kutajwa, kama desturi itakavyo, maana wenye babu mmoja kati ya hao hawaoani. Lilipotajwa jina la Sartbai upande wa Burulai, Kadyrbek, baba mkubwa wa Taalai, akatua bakuli lake la chai.

"Sartbai hata kwetu yupo! Hawa ni damu moja. Posa imevunjika!"

Taalai akanywea kama moto uliomwagiwa maji. Burulai, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuandika programu, akafungua kompyuta.

"Baba mkubwa, niruhusu niwalinganishe wote."

"Haya, liulize hilo bati lako! Walau halina shangazi wa kulipendelea."

Akaandika mababu wa kila upande katika mstari mmoja wa herufi, akalinganisha mistari miwili. Kompyuta ikajibu: tofauti.

Kadyrbek akacheka hadi kofia ikamvuka. "Eti tofauti! Kwa hesabu hiyo hata mimi na baba yangu mzazi si ndugu!"

Kweli tupu: jina moja tu likihitilafiana, mstari mzima huwa tofauti. Burulai akaikata mistari penye kila mkato uliotenga majina, jina moja moja, akapambanisha kila jina na kila jina. Likafanana moja tu: Sartbai. Chumba kizima kikaguna.

"Yaache, mwanangu," baba yake akanong'ona. "Watu kama sisi hatupewi kitu."

"Bado, baba. Sijamaliza."

Safari hii akaliunga kila jina na la baba wa mwenye jina. Upande mmoja: Sartbai mwana wa Kojomkul. Upande wa pili: Sartbai mwana wa Janybek. Moyo ukimdunda kama kwato za farasi wa mashindano, akabonyeza.

Hakuna aliyefanana!

"Sartbai wawili!" Taalai akaruka. "Watu wawili kabisa!"

Kadyrbek akasogeza uso kwenye kioo, akasoma, akasoma tena. Yeye alikuwa ameishia kwenye jina la Sartbai, bila kuuliza ni mwana wa nani.

"Loo! Mchinjeni kondoo," akasema. "Na mkwe huyu, mimi sibishani naye tena."

Vigelegele vikapasua paa. Hakuna mkubwa wa wilaya aliyetia mkono katika jambo lile, labda ndiyo sababu lilifanikiwa. Kweli, bandu bandu huisha gogo.