Nyegere Aliyetaka Asali ya Usingizini

— Jamani, niwaletee?

— Tuletee.

— Hata ikiwa ya uongo?

— Tutaila hivyo hivyo.

— Na anayesinzia?

— Mfinye.

Haya, sogeeni. Wewe, kunja huo mguu, mpishe mwenzio.

Palikuwa na Sange. Sange mnamjua? Ni kinyama kidogo, kama panya, ila pua yake ni ndefu, inachezacheza, utadhani ameazima mkonga wa tembo aliyezaliwa jana. Sange anaishi msituni, chini kwenye majani makavu. Kila siku anafagia vijia vyake. Fya, fya, fya, anaondoa jani. Fya, fya, fya, anaondoa kijiti. Maana adui akija, Sange hana meno ya kumtisha mtu. Ana mbio tu. Na mbio zinataka njia safi.

Sange huyu alikuwa mama wa mtoto mmoja, jina lake Kipua. Basi msitu mzima ukamwita Mama Kipua. Baba yake Kipua alikufa wakati wa masika. Alinyeshewa, baridi ikamwingia kifuani, akalala, hakuamka.

Tangu hapo Kipua akawa anamwota baba yake. Adhuhuri jua likiwa kali wanalala, Kipua anaota. Akiamka, analia.

"Unalia nini tena, mwanangu?"

"Nimemwona baba."

"Si vizuri, umemwona?"

"Sikujua kama naota, mama. Nimempita tu kama zamani. Ameniita, nikamwambia nakuja, nikaenda kucheza. Ningejua ni ndoto, ningekaa naye."

Mama Kipua akamlamba mwanawe nyuma ya sikio. Halafu akasema, "Kujua kwamba unaota kunafundishika. Bibi yako alikuwa anaweza."

"Nitajuaje?"

"Njia yetu unaijua?"

"Naijua kila jani."

"Basi itazame. Geuka. Itazame tena. Ikiwa vilevile, uko macho. Ikiwa kona imehama, ujue unaota. Njia ya ndotoni haitulii."

"Na nikiwa nimelala nitakumbukaje kuitazama?"

"Ifanye ukiwa macho, kila unapopita. Ukizoea hivyo, usingizini utaifanya bila kutumwa."

"Na nikishajua naota, nikafurahi, nikaamka?"

"Mwanzoni huwa hivyo. Usirukeruke. Kaa chini, gusa udongo, vuta pumzi."

"Na nisipojua kurudi?"

"Njaa itakurudisha, wewe nakujua."

Kipua akaanza mazoezi. Akienda kutafuta mchwa, anatazama njia, anageuka, anatazama tena. Akirudi na mchwa mdomoni, anatazama njia, anageuka, anatazama tena. Mama anamwona, anafurahi. Wote wawili wakasahau jambo moja: Sange anayesimama katikati ya njia ni Sange wa kukamatwa.

Pwata, pwata, pwata.

Nani huyo? Nyegere. Mnyama mfupi, mnene, mgongo mweupe kama aliyemwagiwa unga wa sembe. Ngozi ngumu. Haogopi simba, haogopi nyoka. Anakula panya, anakula nyoka, anakula mayai na kuku aliyeyataga. Na asali, hiyo usiseme. Kwa asali Nyegere anaweza kumsahau mama yake mzazi.

Kipua akatazama njia, akageuka, na kabla hajatazama tena, kap. Mguu wa Nyegere uko juu ya mkia wake.

"Shikamoo, Bwana Nyegere," Kipua akasema, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Marahaba. Sange mzima unasimama njiani? Unaumwa?"

"Siumwi. Nilikuwa naangalia kama naota."

"Ukiota inakuwaje?"

Mtoto hajui kuficha. "Mama anasema ukijua kwamba unaota, unaweza kukaa na yule unayemtaka. Unaweza kufanya unachotaka."

"Chochote?"

"Chochote."

"Hata kula asali?"

"Hata asali."

Nyegere akameza mate, gudu. "Na nyuki je?"

"Hapo sijui, mzee. Muulize mama."

Na mama ndiye huyo anakuja, mbio, pua inatetemeka. Akaona mkia wa mwanawe, akaona mguu ulio juu ya mkia.

"Mama Kipua," Nyegere akasema, "nataka unifundishe kujua kwamba naota. Ukikataa, namla huyu sasa hivi."

"Na nikikubali?"

"Namla baadaye."

— Akamla?

— Tulia wewe, nipo hapa nasimulia.

Mama Kipua akavuta pumzi. Sauti akaiweka sawa. "Haya, mwanafunzi. Uliza."

"Nitajuaje kama naota?"

Hapo angeweza kumwambia habari za njia. Lakini Nyegere ana njia gani? Yeye anapita popote, miiba isogee yenyewe. Mama Kipua akasema, "Alama ni moja tu, baba. Ndotoni chakula kinazungumza."

"Kinazungumzaje?"

"Kinasalimia. Kinajibu. Wewe mtu mzima, umeshaona mboga ikakuamkia?"

Nyegere akafikiri. Akamtazama Kipua chini pale. "Huyu ameniamkia."

"Amesemaje?"

"Amesema shikamoo."

"Nawe ukaitikia?"

"Nikaitikia."

"Ukaitikia shikamoo ya mboga," Mama Kipua akasema, taratibu, kama anayempa mgonjwa habari. "Pole sana, baba. Umelala zamani."

Nyegere akainama mpaka pua ikagusana na pua ndefu ya Kipua. "Wewe, hebu sema kitu."

"Niseme nini, mzee?"

"Loo. Kweli naota." Akamgeukia mama. "Mbona hata wewe unasema?"

"Na mimi nimo humu humu ndotoni. Ungekuwa macho, ningesimama hapa mbele yako nikupigie soga?"

Nyegere akaona hilo nalo ni kweli. Akacheka. Halafu uroho ukampanda. "Basi ngoja nimle hukuhuku, nionje ladha."

Mama Kipua akasema, "Mle tu. Ila mwanafunzi mgeni akila nyama ya ndotoni anashtuka, anaamka. Utaamka na njaa yako, na asali utakuwa umeiacha huku."

"Asali ipo?"

"Ndoto ni yako, baba. Unataka ya nyuki wadogo au ya nyuki wakubwa?"

"Wakubwa."

"Basi ipo kwenye ule mti uliovunjika kichwa."

"Na nyuki?"

"Nyuki wa ndotoni wanatekenya tu."

Nyegere akamtazama Kipua. Akautazama mti. Akamtazama Kipua. Akautazama mti. Mguu ukaanza kunyanyuka, kidogo, kidogo, ukanyanyuka wote.

"Wewe nyama," akasema, "nisubiri hapo hapo."

"Nipo, mzee," Kipua akajibu.

Pwata, pwata, pwata, Nyegere akaenda. Kipua akataka kutoka mbio, mama akamzuia kwa pua. "Usikimbie. Ukikimbia atakumbuka yuko macho. Tembea na mimi." Wakatembea, mama na mwana, kama wanaotoka kusalimia jirani.

Nyegere akapanda mti. Kwa kawaida akifuata asali anakwenda kwa akili, anakomba upesi, anaondoka. Siku ile, kwa nini aharakishe? Akaingiza kichwa chote kwenye mzinga, akatulia kama yuko kwake.

Nzzzzz. Mmoja puani. "Ah, wanatekenya kweli hawa."

Nzzzzz. Mwingine kwenye kope. Nzzzzz. Mwingine kwenye mdomo, pale ndani, pasipo na ngozi ngumu.

"Mama Kipua," sauti ikatoka mzingani, "hawa wa ndotoni wanauma."

"Ni ugeni tu, baba," Mama Kipua akajibu kutoka mbali. "Usiamke. Vuta pumzi."

Nyegere akavuta pumzi. Nyuki akaingia puani, akapanda.

Kilichofuata ni matawi, kra, kra, kra, halafu pu, chini, halafu Nyegere anakimbilia mtoni na wingu la nyuki nyuma yake.

Kesho yake akarudi. Uso umevimba kama andazi, jicho moja limefumba. Akamkuta Mama Kipua anafagia, fya, fya, fya, na Kipua pembeni. Kipua akasema, "Shikamoo, mzee. Pole kwa uso."

Nyegere akasimama. Hakuinua mguu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Samahani, bado naota?"

"Bado, baba," Mama Kipua akasema.

"Nitaamka lini? Nimechoka."

Mama Kipua alikuwa anamwogopa, na bado akamwonea huruma. Mtu akiuliza vile, hata awe nani, sauti yake inakuwa ya mtoto. Akamwambia, "Tafuta chakula kisichosema. Hicho ndicho cha kweli. Kule bondeni kuna viazi vya porini, nenda ukachimbe."

Nyegere akaenda bondeni, akachimba, akatoa kiazi. "Hujambo?" Kiazi kimya. "Habari za nyumbani?" Kimya. Nyegere machozi yakamtoka kwa furaha, akala, akashiba, akalala pale pale kwenye shimo lake akikoroma.

Tangu siku hiyo hakurudi kwenye vijia vya Sange. Huko bondeni panya wanampitia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, marahaba." Anawapisha, anaendelea kuchimba.

Siku moja adhuhuri Kipua akalala, akaamka macho makavu.

"Nimekaa naye, mama."

"Amesema nini?"

"Hakuna. Tumekula mchwa." Kipua akamtazama mama usoni. "Na wewe humwoti?"

"Mimi silali adhuhuri, mwanangu. Nikilala, nani atalinda?"

"Nyegere yuko bondeni. Nitalinda mimi. Lala."

Mama Kipua akataka kubisha. Akajilaza kidogo tu, eti anyooshe mgongo. Usingizi ukamchukua. Kipua akakaa kando yake, anatazama msitu. Pua ya mama ikatulia, halafu ikaanza kucheza, halafu akasema usingizini, kwa sauti ambayo Kipua hajaisikia tangu masika:

"Sogea huko, Baba Kipua. Unanilalia mkia."

Inzi akaja kutua kwenye sikio la mama. Kipua akamfukuza, polepole, asimwamshe mama.

Sasa, funzo lake. Mtoto mwenye adabu hazungumzi wakati mkubwa anataka kula. Kipua alizungumza, na wenyewe mmeona yaliyompata.

Hadithi yangu imechoka, nimeilaza. Aliyeiona mbaya aiamshe aitengeneze. Aliyeiona nzuri aifunike shuka.