Unyayo wa Tembo Uliojaa Mawingu

Hapo zamani za kale, wakati mawingu yalipokuwa bado yakishuka asubuhi kunywa maji pamoja na wanyama, kulikuwa na Chama cha Asali. Mwenyekiti wake alikuwa Tembo, na katibu wake Kiboko. Mnacheka nini? Ndiyo, Kiboko. Alikuwa na kiti chake cha gogo, na akikohoa, wote kimya.

Nembo ya chama ilikuwa unyayo wa Tembo: duara, na kucha zake kwa mbele. Kiboko aliichora kwa kijiti kwenye nta ya kila kibuyu, na mnunuzi akiiona alijua kwamba ndani mna asali ya kweli.

Sasa Fisi, na tabia zake mnazijua, akajaza vibuyu vyake tope, akachora unyayo juu, akauza. Watoto wa Kima wakaumwa matumbo siku nzima. Tembo akakasirika, na mimi kwa hilo simlaumu. Lakini hasira ilimzidi.

"Kuanzia leo," akanguruma, "nembo ya chama haitawekwa popote, na mtu yeyote, bila ruhusa! Haitapakwa rangi! Haitaongezewa maua! Itakayoonekana bila ruhusa, ifutwe!"

"Na ruhusa yenyewe," Kiboko akaongeza taratibu, "unaomba, halafu unasubiri mwezi mwingine uandame."

Wanyama wote wakaitikia ndiyo. Ukiwa mdogo mbele ya miguu kama ile, hata ninyi mngeitikia.

Basi, kando ya njia ya mtoni palikuwa na unyayo mmoja ambao Tembo aliuacha siku ya mvua. Maji yalijaa humo yakatulia. Mawingu yalipita ndani yake polepole, na ukiyatazama sana ulisahau ulikuwa unakwenda wapi. Humo Bi Chura alikuwa analea watoto wake, viluwiluwi wenye mikia tu, hawajaota miguu. Ukingoni alikuwa amepanga maua ya njano, kwa sababu mama hupenda papendeze pale wanapolala wanawe.

Pu! Pu! Pu! Kiboko akapita. Akasimama.

"Bi Chura! Hii si nembo ya chama?"

"Hii ni nyumba yangu, bwana katibu."

"Duara. Kucha mbele. Nembo hii! Tena umeiongezea maua! Lahaula!"

"Basi naomba ruhusa, bwana."

"Nimepokea. Subiri mwezi uandame."

"Ahsante. Nitasubiri."

"Utasubiri wewe. Nembo inafukiwa leo, jua likipungua."

"Watoto wangu hawana miguu!" Bi Chura akalia. "Mkifukia maji haya, watakufa!"

"Wangeomba ruhusa mapema," akasema Kiboko, akaenda zake. Kwa kweli, katika hadithi hii Kiboko ananiudhi.

Sange alisikia kilio kutoka majanini. Sange ni yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, na kwa ajili ya pua hiyo humwita Tembo mjomba. Hatulii hata dakika moja.

"Nyamaza, dada," akasema. "Usiondoe hata ua moja. Mjomba namjua mimi."

Jua likapungua. Nyasi zikawa za dhahabu, na vumbi likaning'inia hewani kana kwamba limesahau kushuka. Tembo akaja, Kiboko nyuma yake. Akautazama unyayo, akayatazama na maua, akaunyanyua mguu wa mbele juu, juu kabisa, aukanyage mpaka tope lijifunge.

"Shikamoo, mjomba!"

Sasa, mtu akikuamkia utafanyaje? Tembo alikuwa amelelewa vizuri. Mguu ukabaki hewani.

"Marahaba, mpwa wangu. Toka hapo, nina kazi."

"Pole na kazi, mjomba. Nauliza tu. Nembo haiwekwi popote bila ruhusa?"

"Haiwekwi!"

"Hata na mtu mkubwa?"

"Sheria yangu haina mkubwa wala mdogo!"

"Hata mkubwa sana, anayeogopwa na wote?"

"Hata huyo! Nimesema!"

"Ahsante, mjomba," akasema Sange. "Basi huo mguu usiushushe."

"Eti nini?"

"Ukiushusha, utaacha nembo. Ruhusa unayo?"

Tembo akamgeukia Kiboko. Kiboko akakohoa, akatazama chini, akatazama juu. Mshika sheria hana rafiki, na yeye sheria hizi alizipenda kuliko majani mabichi.

"Kwa kweli, Mheshimiwa," akasema, "hujaomba."

"Naomba sasa hivi!"

"Nimepokea. Mwezi ukiandama tutakujibu."

"Kiboko!"

"Ndiyo utaratibu, Mheshimiwa."

Tembo akasimama kwa miguu mitatu. Upepo ukapita ukiimba. Kipepeo akaja akatua kwenye ukucha wake, akakunja mabawa, akasinzia. Kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, Tembo akatazama ndani ya maji. Akaona mawingu, na katikati ya mawingu akaona mguu wake mwenyewe unaelea, na viluwiluwi wanapita chini yake bila woga wowote.

Kiluwiluwi mmoja akapanda juu. "Mama," akasema, "tazama lile wingu. Lina kucha!"

"Ni wingu zuri," Bi Chura akajibu, sauti ikimtetemeka. "Kaa karibu nami."

Tembo alisikia. Moyo ukamuuma, na goti nalo likaanza kutikisika. Tiki, tiki, tiki.

"Mpwa wangu," akanong'ona, "nachoka."

"Pole, mjomba. Na zile je?"

Sange akaelekeza pua njiani. Kutoka mtoni mpaka mlimani, mpaka pale njia inapoyeyuka kwenye ukungu, zilikuwa nyayo za Tembo, nyayo na nyayo, zinang'aa kwa jua la jioni.

"Zote hizo hazina ruhusa," akasema Sange. "Nani atazifukia?"

"Katibu," akasema Tembo.

"Nani? Mimi?" Kiboko akaruka. Akaitazama njia, akaitazama tena. Akauwaza mto wake baridi, na tope lake laini, na usingizi wake. Akakohoa.

"Mheshimiwa, mimi nilivyoielewa ile sheria tangu mwanzo, ilihusu vibuyu. Vibuyu vya asali, vya kuuza."

"Na ardhini?" Sange akauliza.

"Ardhini ni kutembea tu."

"Na maua?" Bi Chura akauliza, sauti ndogo kabisa.

"Maua yanapendeza," akasema Tembo. Akamsubiri kipepeo aondoke, kisha akaushusha mguu polepole, mbali na ule ukingo. Buuu! Akashusha pumzi mpaka nyasi zikalala.

"Chi-chi-chi-chi!" Sange huyo, amepotelea majanini, anacheka. Hapo ndipo Tembo alipojua kwamba amechezewa na kijitu kisichojaza hata ukucha wake. Angeweza kukasirika. Lakini alikuwa bado anatazama maji.

Fisi alijaribu tena na vibuyu vyake vya tope. Akakamatwa, na hakuna aliyemwonea huruma.

Mvua ikanyesha. Unyayo mpya ukajaa, mawingu yakahamia humo pia. Viluwiluwi wakaota miguu, wakavuka kutoka unyayo hadi unyayo, chubwi, chubwi. Na tangu hapo Tembo akifika penye udongo laini hukanyaga kwa nguvu kidogo, halafu hugeuka kutazama nyuma.

Hadithi yangu imetulia kama maji yale, nami nawaachia neno moja: nembo huwekwa ili laghai azuiwe, si ili mdogo akose pa kulala.