Zimwi Aliyenenepa kwa Taka

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu, mje na masikio yenu.

Tumesogea, bibi!

Hapo kale palikuwa na kijiji kando ya korongo. Kila nyumba ilitupa humo: maganda ya muhogo, matambara, chupa, vyungu vilivyopasuka, mikeka mikuukuu. Tupa leo, tupa kesho, tupa kila siku. Hawakujua kuwa chini kule mna zimwi, na taka ndizo zinazomnenepesha.

Siku moja zimwi akatoa kichwa. "Nina njaa! Tupeni! Msipotupa, napanda juu!"

Basi watu wakatupa, hata vitu vizima, mradi asipande.

Kijijini hapo alikuwapo mjane, Mashavu, na mtoto wake mmoja tu, Tatu. Siku moja alimtuma Tatu akatupe maganda. Mtoto akainama ukingoni. Zimwi akammeza, yeye na kapu lake.

Mashavu akaja mbio, kichwa wazi, akasikia sauti tumboni mwa zimwi:

"Mama wee, giza!
Mama wee, njaa!
Mama wee, nitoe!"

Wanaume wakashuka. Wakapiga mapanga, yakanasa, yakamezwa. Wakarusha mikuki, ikamezwa. Wakarusha mawe, yakamezwa. Zimwi akazidi kunenepa.

"Shemeji Mashavu," akasema jirani yake, Makame, "mwachie Mungu."

"Nimwachie vipi, na mwanangu ananiita?"

Akakaa ukingoni, hali, hanywi. Akaona kila kinachotupwa kinageuka mnofu. Basi akainuka, akabisha mlango hadi mlango.

"Jirani, usitupe! Maganda mpe mbuzi. Matambara shindilia mito. Chupa osha, utie mafuta. Nakuomba, usitupe!"

"Atapanda atule!"

"Akishiba atakua, atule vilevile!"

Wakaacha kutupa. Zimwi akanguruma hadi kuta zikatikisika, akajaribu kupanda, unene ukamrudisha chini. Makame akashindwa na hofu, akabeba kapu la taka mbio kwenda korongoni. Mashavu akajilaza njiani.

"Nikanyage kwanza, shemeji."

Makame akamtazama. Akaketi chini, akalia, akarudi na kapu lake.

Zimwi akakonda. Lakini na sauti ya Tatu ikafifia. "Mama wee, njaa..." Mashavu akaziba masikio, akalia, "Kumnyima yeye ni kumnyima mwanangu!" Hata hivyo hakutupa kitu.

Siku moja zimwi hakuweza kuinua kichwa. Mashavu akashuka, akampasua tumbo kwa mikono. Akatoa tambara, akatoa chupa, akatoa chungu, akivipitisha juu kwa watu.

"Mkeka huu wangu," akasema mmoja.

"Chungu hiki changu."

"Kopo hili langu."

Hakuna aliyeweza kusema si changu.

Mwisho ukatokea mkono. Mashavu akamvuta Tatu, mwepesi kama bua. Akamwita: kimya. Akamwita: kimya. Akamwita mara ya tatu, mtoto akafumbua macho.

"Mama, umechelewa."

"Nimechelewa, mwanangu," akasema Mashavu, akampandisha mgongoni.

Wakageuka kumtazama zimwi. Hapakuwa na zimwi. Palikuwa na vitu vyao tu, na kila mtu akashuka kuchukua vyake.

Hadithi yangu imekomea hapo, wajukuu. Zimwi huyu hakutoka porini, walimlea wenyewe. Kabla hujatupa kitu, tazama kwanza kama chafaa.