Gitaa la Mwenye Wimbo

Hapo zamani, si ile zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu ambayo baadhi yenu mmeiona, palikuwa na mwanamke mjini Tabora, jina lake Nyamizi. Sogeeni karibu, maana mwishoni nitawauliza jambo, na sitaki mtu aseme hakusikia.

Nyamizi alizaa mtoto wa kike, akamwita Kalunde. Alipombembeleza alimwimbia bila maneno, mdomo umefungwa. Sauti inapanda kidogo, inasita, inashuka. Hakufundishwa na mtu. Ilimjia siku ya tatu baada ya kujifungua, mtoto analia na yeye hana nguvu ya kutafuta maneno.

Kalunde aliishi miezi minne. Homa ikamchukua kwa siku mbili. Wakamzika, waombolezaji wakatawanyika, na Nyamizi akaendelea kuimba vilevile, akipepeta mtama, akifua, akichochea moto. Mtoto alikuwa ameondoka, wimbo ukabaki.

Mumewe aliitwa Mwandu, mpiga gitaa wa bendi ya dansi ya pale mjini. Mwandu aliisikia sauti ile asubuhi, akaisikia jioni. Kisha bendi ikapiga wimbo mpya ukumbini, Nyamizi amekaa na wake wa wanamuziki. Mwandu akasogea kwenye kipaza sauti, akafumba macho, akaimba mdomo umefungwa. Sauti inapanda kidogo, inasita, inashuka. Akaingiza maneno, gitaa likamfuata, na ukumbi mzima ukainuka kucheza.

Nyamizi naye aliinuka, akatoka nje.

Nyumbani akamuuliza, "Mwandu, umemtoa mwanangu ili watu wamchezee?"

"Ni mwanangu pia. Wewe unamlilia jikoni. Mimi nimetaka ijulikane kwamba alikuwepo."

"Ungeniomba."

"Ningekuomba, ungekubali?"

Nyamizi akageuka kuchochea moto.

Bendi ikaurekodi wimbo ule redioni, mara moja tu. Mwaka uliofuata Mwandu akaitwa na bendi ya Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Akasema anakwenda miezi mitatu. Ikaja barua ya kwanza, ikaja ya pili, ya tatu haikuja. Miaka ikapita. Wenzake wakamwambia Nyamizi, "Dada, huyo amekwishapata mwingine. Unamngoja nani?"

Akawajibu, "Najua amepata mwingine. Kujua hakunizuii kumngoja."

Sasa tuiache Tabora kidogo. Katika kituo cha redio kilichotunza kanda ya wimbo ule, alifanya kazi fundi mitambo mmoja, Chilongola. Siku moja ikatoka amri: kanda za zamani zifutwe, virekodiwe vipindi vipya. Chilongola akafuta ya kwanza, akafuta ya pili, akafuta hadi mikono ikachoka. Alikuwa na tabia ya kusikiliza kidogo kabla ya kufuta. Alipofika kwenye kanda ya Mwandu akasikiliza yote, kidole kikakataa kubonyeza. Akaificha ndani ya koti, akapita mbele ya mlinzi akijua kwamba akipekuliwa hana kazi tena, na watoto nyumbani ni watano.

Akaitunza miaka thelathini na mmoja. Kila mwanzo wa masika aliifungua na kuizungusha upya isije ikagandana. Alihama nyumba mara sita. Alipoteza kitanda, alipoteza picha zake za harusi. Kanda hakuipoteza.

Alipostaafu aliishi jirani na chuo kimoja cha sanaa huko Pwani, na wanafunzi wakawa wanakuja kusikiliza vitu vyake vya kale. Mmoja wao ni kijana aliyeitwa Tumsifu. Mama yake Tumsifu alikwenda kufanya kazi Maskati kijana akiwa na miaka tisa. Alipiga simu kila Ijumaa. Kijana akakua anaijua sauti ya mama yake kuliko sura yake.

Tumsifu aliposikia Mwandu akiimba mdomo umefungwa, akasema, "Mzee, rudisha." Chilongola akarudisha. "Mzee, rudisha tena." Akarudisha tena. Mara ya tisa mzee akamuuliza, "Kijana, unalia nini?" Tumsifu akafuta machozi kwa kiganja.

Akaomba kipande kile. Akakiingiza kwenye kompyuta, akakata sekunde nane, akazipunguza kasi, akaziacha zizunguke na kuzunguka. Chini yake akaweka ngoma na besi, juu yake akaimba maneno yake mwenyewe, ya mtoto anayebusu simu. Ilimchukua miezi minne. Wimbo ulipotoka ulikimbia kama moto wa nyika: saluni, harusini, redioni, mpaka Kigoma, mpaka ng'ambo ya ziwa.

Lakini mwalimu wake chuoni alimwambia mbele ya darasa, "Tumsifu, hebu ondoa sauti ya yule mwimbaji wa kandani. Unabaki na nini?"

Akarudi chumbani, akaiondoa. Wimbo ukapooza kama chai iliyosahaulika. Basi akachukua kanda ya zamani peke yake, akawapigia wenzake. Wakasikiliza kwa adabu, wakarudi kwenye simu zao. Tumsifu akachanganyikiwa. Bila yule mwimbaji mimi si kitu, akawaza. Bila mimi, yule mwimbaji hasikiki. Sasa mimi ni mwizi wake, au ni mwanawe? Siku nyingi hakushika tena ile kompyuta.

Huko Kalemie, mgonjwa mmoja alikuwa amelala karibu na redio inayoshika masafa ya Kigoma. Ndiye Mwandu. Alisikia sauti yake mwenyewe ya ujanani, imepunguzwa kasi, inazunguka. Akamshika mkono binti yake, Mauwa, aliyemzaa na mke wa huko.

"Gitaa langu lile," akasema, "mpelekee mwenye wimbo huo."

"Papa, mwenye wimbo ni nani?"

Mwandu akatabasamu tu, akaendelea kusikiliza hadi wimbo ukaisha. Kesho yake hakuamka.

Mauwa akamaliza arobaini, akapanda meli na gitaa mgongoni. Redioni Kigoma wakampa jina la Tumsifu, akamfuata huko Pwani. Tumsifu akampeleka kwa Chilongola. Chilongola akasoma jina la bendi kwenye boksi la kanda, akasema, "Twendeni Tabora."

Wazee wa bendi ile wakawaelekeza kwa mke wa kwanza wa Mwandu. Walimkuta Bi Nyamizi uani anachambua mchele, nywele nyeupe. Mauwa alipiga magoti.

"Mama, nimetoka Kalemie. Mimi ni mtoto wa Mwandu."

Bi Nyamizi akaweka ungo chini. Akamtazama msichana usoni kwa muda mrefu, paji la uso, kidevu, masikio. "Yeye hakuja," akasema.

"Hakuja, mama."

"Hatakuja."

"Hatakuja, mama."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Wageni walikaa uani mpaka jua likapinda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini aliwatandikia mkeka, akawapa maji, akataka kuambiwa yote. Waliposema habari ya gitaa, akaliweka katikati ya mkeka. "Haya. Kila mtu aseme lake."

Chilongola akasema, "Shemeji, mimi sijui kuimba, wala sijui kupiga. Lakini ningebonyeza kile kitufe, leo hapa kusingekuwa na gitaa wala mkeka. Wimbo uliokuwa ufe mikononi mwangu niliukataza kufa. Anayemwokota mtoto jalalani na kumlea miaka thelathini, mnamwitaje?"

Tumsifu alisema polepole. "Mimi sikulima pamba, bibi, wala sikufuma kitambaa. Nimeshona. Lakini marehemu alisikia nguo yangu, si kitambaa cha zamani, ndipo akasema 'wimbo huo.' Na mama yangu kule Maskati aliposikia alinipigia simu siku isiyo Ijumaa. Kama ule si wimbo wangu, basi kilio chake kilikuwa cha nani?"

Mauwa alikuwa ameshika shingo ya gitaa. "Mimi nimetumwa, na aliyetumwa hachukui. Hayo najua. Ila ninyi mna kanda, mna sekunde nane. Mimi nimeusikia mzima, kila jioni, kutoka mdomoni mwake, na yeye mwenyewe alinifundisha vidole viende wapi. Nikiliacha hapa nitarudi kwenye nyumba isiyo na baba na isiyo na gitaa."

Wote wakamgeukia Bi Nyamizi.

"Mimi sijui kulipiga," akasema. "Nilimtaka mwenyewe, sikutaka mbao zake. Wimbo ule nilimtungia mtoto mmoja, na mtoto huyo hakukua nao. Mwandu aliuchukua bila kuniomba. Mzee huyu akauchukua bila kumwomba mtu, na kijana huyu naye vilevile. Nilikasirika miaka yote hiyo. Halafu juzi niliusikia kwa jirani, sikujua umetoka wapi. Mwanamke kijana alikuwa akimbembeleza nao mwanawe, na mtoto akalala." Akavuta ungo wake karibu. "Sijui kama nina haki ya kusema ni wangu. Lakini asije mtu akaniambia si wangu."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kesho yake garimoshi la Kigoma lilikuwa linaondoka na Mauwa alikuwa na tiketi, kwa hiyo shauri halikuweza kungoja. Wakaita majirani waamue. Majirani wakabishana mpaka chai ikachemka mara mbili, wengine kwa huyu, wengine kwa yule, na wapo waliosema gitaa lingezikwa na marehemu.

Nanyi mliokaa hapa mmewasikia wote, na gitaa liko mkekani. Alizaa mmoja, akaimba mwingine, akaficha mwingine, akashona mwingine, akabeba mwingine. Mwandu alisema apewe mwenye wimbo. Je, mwenye wimbo ni nani?