Ngiri na Maganda Matupu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya wenye njaa. Waliokula waitikie. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashamba yao, alikuwepo Ngiri. Ngiri yule, jamani, alijua kuchimba, na kujisifu alijua zaidi. Alikuwa na binti mmoja, Semeni, kipenzi cha roho yake. Semeni akaposwa na kijana wa ng'ambo ya kilima.

Sasa, desturi ya nchi ile ilikuwa hivi. Siku ya harusi, baba wa bibi harusi hupika chungu kikubwa cha mchuzi wa nyanya-ganda. Ni nyanya za kijani, zenye uchachu kidogo, kila moja imevaa ganda jembamba kama karatasi. Wageni hula kwanza, ndipo humchukua bibi harusi. Wakikuta chungu kikavu, hujitwika ngoma yao, hao wakarudi kwao. Binti anabaki nyumbani.

Basi majirani wakaja kwa Ngiri kuchangia harusi, kila mmoja akaahidi kikapu. Ngiri akakataa. Akasema yeye si maskini wa kuchangiwa, wageni watakula cha shamba lake. Mama Semeni akamkanyaga mguu. Hakusikia.

Mvua ya kwanza ikaanguka, cha, cha, cha. Bi Kanga, jirani yake, akaingia shambani na watoto wake. Paru, paru, paru, wanaparura, wanapanda. Kila shimo konzi moja ya mbolea, basi.

Ngiri je? Ngiri alikuwa porini, anazoa mavi ya nyati. Anasukuma, gogoro, gogoro. Wiki ikapita, anazoa. Mwezi ukapita, anazoa. Bi Kanga akamfuata, akamwambia apande, maana mvua haimsubiri mtu.

"Bi Kanga," akasema Ngiri, "wewe mbolea yako kidogo, ndiyo maana una haraka. Mimi yangu itaikimbiza miche mpaka iipite yako."

Akapanda mvua ikiwa inaaga. Kila shimo akalijaza mavi mpaka juu. Na kweli, miche ikainuka, shuu! Majani mapana, meusi kwa unono. Ngiri akawa anawavuta wapitanjia waje waone. Bi Kanga naye akatazama, akauliza maua yako wapi. Ngiri akacheka, akasema mla wadudu atajua nini habari za maua.

Maua yalikuja, lakini yalikuja mvua imekwisha kwenda zake. Kisha maganda yakaning'inia, makubwa, mengi. Ngiri akayahesabia ushindi, akalala usingizi mnono.

Asubuhi ya harusi akachuma kikapu tele. Mama Semeni akapasua ganda la kwanza. Pwa! Hewa. La pili, pwa! Ndani mna kipunje, hakizidi kunde. La tatu, la nne, pwa, pwa. Mbolea yote ilikuwa imekwenda kwenye majani, na mvua haikuwepo kuyajaza matunda.

Huko kilimani ngoma inalia, ndu, ndu, ndu, wageni wanateremka. Semeni amevaa shanga zake, anamtazama baba yake. Ngiri aliumia moyo. Afadhali angetukanwa.

Akatoka mbio kwenda kwa Bi Kanga, mkia juu. Mlangoni akainamisha kichwa. Akakiri: alichelewa, kisha akazidisha, na aibu ni yake, lakini atakayelia ni mtoto.

"Baba Semeni," akasema Bi Kanga, "uliyekataa ni wewe. Semeni hakukataa."

Akafungua ghala. Vikapu walivyoahidi majirani vilikuwemo vyote, wamemwekea Semeni akiba, nyanya zimejaa mpaka zimepasua maganda. Chungu kikabandikwa upesi upesi.

Wageni wakala, wakaramba vidole. Baba wa bwana harusi akauliza ni shamba gani limezaa utamu ule. Majirani wakainamisha macho ili kumsitiri mwenzao. Ngiri angeweza kunyamaza, na neno lingepita. Akasimama.

"Ni mashamba ya majirani zangu," akasema. "Langu limezaa majani."

Mzee yule akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema baba asiyeficha la aibu mbele ya wakwe, binti yake wanamchukua kwa mikono miwili. Vigelegele vikapigwa, Semeni akaolewa.

Mwaka uliofuata, tone la kwanza lilimkuta Ngiri shambani. Akapiga magoti kwenye kila shimo, apime mbolea kwa konzi, isizidi. Akapiga magoti hapa, akapiga magoti pale, mpaka akazoea. Hata leo mkimwona ngiri anachimba, mtazameni vizuri: yuko magotini.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Panda kwa wakati wake, na mbolea iwe kwa kiasi, maana hata ukiweka mlima wa mbolea hauirudishi mvua iliyopita. Na jirani akikuchangia, pokea. Hadithi yangu imeishia hapo; wenye majembe mkayanoe.