Utepe Mwekundu wa Erica

Upepo wa Kongwa hauna simile. Ulivuma kutoka mashambani ukitimua vumbi jekundu, ukapenya madirisha ya kituo cha afya ambako Anyesi alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa. Wodi ya wanawake ilikuwa kama nyumba yake. Wagonjwa walimwita mama, na wauguzi wapya walijifunzia kazi mikononi mwake.

Miongoni mwa hao wapya alikuwa Mwantum, binti wa Kondoa, mpole wa maneno lakini mwenye macho makali. Alipofika tu aligundua kwamba pale sindano ilifuata kitanda, haikufuata mtu. Siku moja mama mmoja alichomwa dawa ya jirani yake, akavimba uso, akaponea chupuchupu. Mwantum alimwendea mganga mfawidhi, Bartolomayo, akapendekeza kila mgonjwa anayedhurika na dawa fulani afungwe utepe mwekundu mkononi, ulioandikwa jina lake na jina la dawa hiyo. Muuguzi asichome sindano kabla ya kuutazama mkono. Miezi minne ikapita bila kosa hata moja.

Sifa za Mwantum zikaenea kama moto wa nyika. Asubuhi akiingia wodini huwasalimu vikongwe kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Matamshi yalimpiga chenga, nao wakacheka hadi machozi na kumtaka akae nao. Anyesi, Mgogo wa kuzaliwa, alikuwa amewasalimu hivyo hivyo miaka yote. Hakukumbuka hata mmoja aliyewahi kumchekea kwa furaha ile.

"Shikamoo, dada Anyesi," Mwantum alimwamkia.

"Marahaba, fundi wa shanga," Anyesi alijibu akizikejeli tepe zake, akapita zake.

Kijicho kilimtafuna kama mchwa watafunavyo boriti, huku nje ukuta ukionekana mzima. Alihesabu ni mara ngapi jina la Mwantum lilitajwa kwa siku. Akisikia kicheko wodini, alidhani anachekwa yeye.

Ndipo Bartolomayo akawakusanya. "Alhamisi tunapokea wageni kutoka wizarani, Mtumba kule Dodoma mjini. Wanataka utaratibu huu ufike vituo vingine. Mwantum, utawaeleza wewe."

Wenzake walishangilia. Anyesi alipiga makofi mawili, akaficha mikono mfukoni.

Alhamisi asubuhi aliingia wodini kabla ya wenzake. Kitandani alilala Erica, mkulima wa alizeti, homa ya mapafu ikimchemsha hata hajijui. Utepe wake ulisema penisilini humdhuru. Anyesi aliutazama, akatazama mlangoni, akachukua mkasi. "Wageni wamkute huyu mkono mtupu," alijisemea. "Tuone mwalimu wao atajibu nini." Akautia utepe mfukoni. Kumdhuru Erica hakukumpitia akilini. Alichotaka ni aibu ya Mwantum tu.

Lakini siku ile ilikuwa ya pilikapilika. Wahudumu walisogeza vitanda ili wasafishe sakafu, na Erica akajikuta dirishani, mahali pa mgonjwa mwingine. Mafaili yote yalikuwa yamepelekwa ofisini wageni wayaone. Gerson, muuguzi mwenye wiki tatu kazini, akaja na sindano ya penisilini aliyoagizwa kumchoma mgonjwa wa dirishani.

"Mama, jina lako nani?" aliuliza. Erica alitikisa kichwa tu. Gerson aliinua mkono wa kulia, akainua wa kushoto. Hakuona utepe. Akachukua pamba, akaanza kusafisha ngozi.

Anyesi alikuwa mlangoni. Aliitambua chupa ya penisilini kwenye trei ya Gerson. Akinyamaza, lawama zote zingemwangukia Mwantum, na hakuna ambaye angejua. Kwa muda wa pumzi moja, moyo wake uliokuwa umeoza kwa wivu ulimshawishi anyamaze. Kisha Erica akakohoa.

"Gerson, acha! Usimchome! Utamuua!"

Sindano ilianguka sakafuni. Bartolomayo na wageni wakaja mbio, Mwantum akiwa mbele yao.

"Kuna nini?" Bartolomayo aliuliza.

Anyesi alitoa utepe mfukoni. "Nimeukata mimi. Gerson hana kosa. Mwantum naye hana kosa."

Mwantum aliandika utepe mpya, akamfunga Erica. Hapo ndipo alipogeuka, macho yamejaa machozi.

"Dada Anyesi, nilikukosea nini?"

Anyesi alitafuta akilini tusi, dharau, hata neno moja baya aliloambiwa na Mwantum. Alikumbuka shikamoo za kila asubuhi. Alikumbuka mumewe alipolazwa, Mwantum akamshikia zamu nne bila kuombwa. Alitafuta tena, akakosa.

"Hukunikosea kitu, mdogo wangu," alisema. "Hata kidogo."

Siku ile ile aliondolewa wodini, na shauri lake likapelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Bartolomayo aliongeza sharti kwamba faili lisiondoke kando ya mgonjwa, hata wageni wawe wakubwa namna gani. Erica alipona, akarudi kwenye alizeti yake. Anyesi, aliyekuwa ameijenga heshima yake kwa miaka kumi na tisa, aliibomoa kwa mkasi mmoja, na alipoulizwa kwa nini, alirudia tu kwamba Mwantum hakumkosea kitu. Kweli, hasidi hana sababu.