Kiti Kimoja, Mikato Sabini na Minne

Mashahidi wote, hata wasiosemezana, walikubaliana haya: barua ya Kiingereza ya ushirika wa wakulima wa iliki ilirudishwa na mnunuzi wa ng'ambo mara mbili, kwa kuwa haikuwa na alama ya mkato hata moja na maneno yake yaligandana; mara ya tatu ilipokelewa, na iliki ikapata soko; katibu aliyeiandika mwanzo aliondolewa, na kiti chake ni kimoja. Waliokitaka walikuwa watatu.

Zaina Mdoe alijaliwa sikio. Aliisoma barua kwa sauti, na kila pumzi ilipotua aliweka punje ya iliki juu ya karatasi. Kabla ya punje hizo, hakuna aliyejua pa kuanzia.

Mwalimu Shemboko, mstaafu, alijaliwa kanuni. Aliondoa punje zilizomtenga mtenda na kitendo chake, akaongeza mikato kati ya vitu vilivyoorodheshwa, na kila mmoja akautolea sababu. Ilithibitika pia kwamba awali alikataa kuigusa barua hiyo, mpaka alipoziona punje.

Mhando, mpiga chapa, alijaliwa jicho. Mashine kuukuu ya fotokopi ya ushirika ilikuwa ikimeza alama ndogo. Ni yeye aliyelinganisha nakala na asili, akairudisha kwa kalamu mikato yote sabini na minne, katika nakala zote kumi na moja. Kiingereza hajui, alikiri mwenyewe.

Kikao cha kumchagua katibu kikawaka.

"Mwalimu, ulikuta chungu kimeiva, ukapunguza chumvi," alisema Zaina. "Leo unadai jiko."

"Binti yangu, ulitua kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Barua ile ingerudi tena."

"Na yako ingerudi bila mkato hata mmoja," Mhando akadakia. "Siku ile mlinipigia makofi. Leo mnaniuliza cheti."

"Katibu asiyeelewa anachokiandika?" Mwalimu alifoka.

"Aliyeondolewa alielewa," Mhando akajibu. "Kulitusaidia nini?"

Mwenyekiti alipendekeza wapokezane. Wote watatu walikataa kwa hasira ile ile: katiba ya ushirika inataka katibu mmoja, miaka mitatu, sahihi moja.

Nimeyapima madai yote. Kila moja lina doa, na hakuna la kutupa: ukimwondoa yeyote, barua inarudi.

Kalamu ya katibu iko mezani, nao wamesimama. Wewe uliyesikiliza, usiye ndugu wa yeyote kati yao, ungemkabidhi nani? Na wale wawili wanaobaki, ungewaambia nini ukiwatazama machoni?